"Lipi?"

Simama karibu na mizani ya Mikumi, kwenye barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya hadi Zambia, utazame malori yakipanda mojamoja. Muulize mtu wa pale: "Lori lina tani ngapi?" Atakurudishia swali: "Lipi?" Sasa muulize kikomo ni tani ngapi. Hapo hakuulizi lipi. Atakujibu 56, maana sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 hairuhusu lori lizidi hapo, hata liwe na ekseli nyingi namna gani.

Lishike vizuri hilo "lipi?", kwa kuwa ndilo litakalotuongoza tunapoandika programu ya kompyuta.

Anayeandika programu ya mizani huanza kwa kueleza lori ni kitu gani: lina namba, lina uzito. Maelezo hayo ndiyo klasi. Klasi haibebi hata gunia moja, kama ambavyo huwezi kulala ndani ya ramani ya nyumba. Lori halisi likifika, kompyuta huunda objekti kwa kufuata klasi, na kuitengea nafasi yake kwenye kumbukumbu. Malori matatu, nafasi tatu za uzito: 48, 53, 55. Hivyo ni vigeu vya objekti. Ukibadilisha kimoja, vingine havina habari.

Kikomo hakihitaji nafasi tatu. Kinakaa mahali pamoja, kwenye klasi yenyewe, na kila lori linakisoma hapo. Hicho ni kigeu cha klasi, na katika lugha ya Java hutangulizwa neno static:

class Lori {
    static double kikomo = 56;
    double uzito;
}

Uzito huitwa kupitia lori fulani: lori1.uzito. Kikomo huitwa kupitia klasi: Lori.kikomo. Saa nane usiku, barabara tupu, hakuna objekti hata moja, kikomo bado kipo. Uzito hauwezi kuwapo bila lori la kuubeba.

Wanaoanza wengi hudhani static ni kitu kisichobadilika. Sivyo. Andika Lori.kikomo = 54, na malori yote, yaliyokwisha kupimwa na yajayo, yatasoma 54 papo hapo. Neno la kuzuia mabadiliko ni jingine kabisa: final.

Kosa linaloumiza ni kuweka static mbele ya uzito. Kompyuta hailalamiki, na ndiyo maana niliwahi kulisaka kosa hili usiku kucha. Lori la kwanza linapimwa, 48. La pili, 53. La tatu limezidisha, 58. Rudi kwa la kwanza uliulize uzito wake: 58. Nafasi ni moja tu, kila anayekuja anafuta cha aliyemtangulia, na dereva aliyebeba tani 48 anaandikiwa faini ya mwenzake. Kabla ya kuandika static, jiulize: mtu akiniuliza thamani hii, nitalazimika kumjibu "lipi?" Kama ndiyo, liache neno hilo.

Ushirika wa static pia una mpaka wake, nao ni klasi. Tazama Kilosa mjini. Reli ya Kati ya zamani, yenye tawi linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, ina upana wa milimita 1,000. Reli ya kisasa iendayo Dodoma, inayopita Kilosa hiyohiyo, ina 1,435. Hizo ni klasi mbili, kila moja na upana wake static. Namba ya behewa na mzigo uliomo hubaki mali ya behewa lenyewe. Na kule Kidatu, tawi hilo linapokutana na TAZARA yenye upana wa 1,067, behewa la kawaida halivuki. Mzigo hushushwa ukapakiwa kwenye behewa la upande wa pili.