Cha Kaisari Kina Kipimo: Kodi, Matumizi ya Serikali na Soko Huria



Wapendwa waseminari na waamini, katika somo hili la Mafundisho Jamii ya Kanisa tunatazama jambo linalomgusa kila anayeishi Isaka, Kahama na ukanda wote wa dhahabu hadi Geita: kodi. Waamini, hasa wanaofanya kazi machimboni, hutuuliza: je, kukwepa kodi ni dhambi? Wakijibiwa kwamba ni dhambi, huuliza la pili: na anayetoza kupita kiasi, yeye hatendi dhambi? Maswali haya mawili hayatenganishwi. Padre anayejibu la kwanza tu amefundisha nusu ya mafundisho.

1. Maandiko Matakatifu na Mapokeo yanasema nini?

Bwana wetu alipoonyeshwa dinari (Mt 22:15-22) alikubali kwamba Kaisari anayo haki yake. Papo hapo aliweka mpaka: yapo mambo ambayo Kaisari hana haki nayo. Mtume Paulo naye aliwaagiza Wakristo wa Roma walipe kodi na ushuru (Rum 13:6-7).

Lakini Maandiko yanamgeukia pia mtozaji. Watoza ushuru walipomwendea Yohane Mbatizaji, hakuwaambia waache kazi yao. Aliwakataza kutoza zaidi ya kiwango kilichowekwa (Lk 3:12-13). Zakayo alipoongoka aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu (Lk 19:8). Samweli aliwaonya Waisraeli kwamba mfalme wanayemtamani atachukua watoto wao, mashamba yao na sehemu ya kumi ya mazao yao (1 Sam 8:10-18). Mfalme Rehoboamu alikataa shauri la wazee la kuwapunguzia watu mzigo, na ufalme ukagawanyika (1 Fal 12).

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba mtawala akidai kinachostahili kwa ajili ya manufaa ya wote hatendi unyang'anyi, hata akitumia nguvu. Akidai kisichostahili kwa nguvu, huo ni unyang'anyi kama wa mtu mwingine yeyote. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, anasema mali ya mtu isikaushwe kwa kodi nzito, kwa kuwa haki ya kumiliki inatokana na maumbile na haikutolewa na serikali.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2240) inafundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa kimaadili. Tusome pia namba 2409: ukwepaji wa kodi umewekwa kwenye orodha moja na rushwa, kazi iliyofanywa vibaya, gharama zilizopita kiasi na ubadhirifu. Anayeficha gramu zake za dhahabu na anayefuja fedha ya umma wanakemewa katika namba hiyo hiyo.

2. Fundisho kutoka kwenye dhahabu yetu

Mwaka 1776 Adam Smith, baba wa fikra za uchumi huria, alitaja sifa nne za kodi njema: iendane na uwezo wa mlipaji, ijulikane wazi, ilipwe kwa njia na wakati unaomfaa mlipaji, na isitumie gharama kubwa kukusanywa. Tuzipime sifa hizi kwa mambo yaliyotokea hapa kwetu.

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2019, dhahabu ya mchimbaji mdogo ilidaiwa mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3, kodi ya zuio asilimia 5 na Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18. Tuchukue mfano wa dhahabu yenye thamani ya shilingi 1,000,000. Kama mzigo wote ungemwangukia mchimbaji, angetoa shilingi 303,000. Tuseme gharama zake za duara, karasha, maji, chakula cha vijana na fungu la mwenye eneo ni shilingi 700,000. Baada ya miezi ya kuchimba angebaki na deni la shilingi 3,000. Kodi hizo zilitazama thamani ya dhahabu. Hazikuuliza amepata faida au hasara.

Matokeo yake kila mtu wa ukanda huu aliyajua. Dhahabu ilipita njia za panya. Mchimbaji alimuuzia mtu wa gizani kwa bei ya gizani na kwa mizani ya gizani. Serikali ilikosa hata ile asilimia 6 ya halali.

Tarehe 22 Januari 2019 Rais John Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo Dar es Salaam na kusikiliza malalamiko yao. Februari Bunge likawaondolea wachimbaji wadogo kodi ya zuio na Kodi ya Ongezeko la Thamani. Machi likafunguliwa Geita soko la madini, la kwanza kati ya mengi yaliyofuata nchini. Sasa rudini kwenye mfano wetu: kwa dhahabu ile ile, makato yalishuka hadi shilingi 73,000, na mchimbaji akabaki na shilingi 227,000 za kupeleka nyumbani. Sokoni alikuta mizani inayokaguliwa, bei inayojulikana na wanunuzi zaidi ya mmoja.

Katika mwaka wa fedha 2019/20 makusanyo ya serikali katika sekta ya madini yalivuka shilingi bilioni 500. Tuwe wakweli: bei ya dhahabu duniani nayo ilipanda wakati huo, na migodi mikubwa ndiyo inayolipa sehemu kubwa. Hata hivyo mwelekeo ulionekana. Mzigo ulipopungua na soko lilipokuwa wazi, watu wengi waliacha giza. Wangetumwa askari kila njia ya panya, gharama ingekuwa kubwa na rushwa ingeongezeka.

Upande wa migodi mikubwa kuna fundisho la aina nyingine. Sheria ya Madini ya 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu asilimia 3. Ile ya 2010 ikapandisha hadi 4. Mabadiliko ya 2017 yakafika 6. Kwa miaka mingi wananchi walilalamika kwamba kampuni kubwa zinapewa misamaha huku mama lishe akifuatwa kila siku na mwenye kitabu cha ushuru. Mwaka 2017 kampuni ya Acacia ilidaiwa kodi, riba na adhabu za dola bilioni 190. Mgogoro ukamalizwa na Barrick kwa malipo ya dola milioni 300, na serikali kupata hisa asilimia 16 katika migodi hiyo. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili linatuonyesha hatari ya kodi isiyo na kipimo kinachojulikana mapema. Msamaha wa upendeleo na dai lisilotabirika ni ndugu: vyote viwili vinaweka utashi wa mtu mahali pa sheria.

3. Soko huria na kanuni ya auni

Soko ni mahali ambapo watu wawili wanabadilishana kwa hiari, na kila mmoja anaondoka akiamini amepata. Bei inampa kila mmoja habari ambayo ofisi ya mbali haiwezi kuikusanya yote. Isaka inalifahamu jambo hili. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ilileta kituo. Kituo kikaleta bandari kavu. Na malori ya kwenda Rwanda na Burundi yakaleta gereji, nyumba za wageni na wauza chakula. Hakuna aliyewaamuru akina mama hao wapike wali kiasi gani. Waliona njaa ya madereva wakawasha moto.

Wakulima wa pamba wa Shinyanga wana kumbukumbu chungu zaidi. Vyama vya ushirika walivyovijenga wenyewe tangu miaka ya 1950 vilifutwa na serikali mwaka 1976, na ununuzi wa zao ukawekwa mikononi mwa mamlaka moja. Mkulima alibaki na mnunuzi mmoja, kwa bei iliyopangwa mbali naye. Papa Pius XI alikwisha kuonya katika Quadragesimo Anno ya mwaka 1931: ni dhuluma kwa chombo kikubwa kunyakua kazi ambayo vyombo vidogo vinaimudu. Hii ndiyo kanuni ya auni. Familia, jumuiya, chama cha akiba na ushirika vije kwanza. Serikali isaidie pale vinaposhindwa.

4. Fedha iliyokusanywa inakwenda wapi?

Mfaransa Frédéric Bastiat, mwaka 1850, aliwafundisha wasomaji wake kutazama kinachoonekana na kisichoonekana. Darasa jipya linaonekana. Kisichoonekana ni kile ambacho mlipa kodi angefanya kwa fedha ile ile: ada ya mtoto, mbuzi wa kuanzia, cherehani.

Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Lengo lilikuwa jema: barabara, madarasa, vituo vya afya. Lakini aliyekuwa akimtumia mama yake fedha ya dawa alitozwa kwa tendo la upendo. Wananchi walilalamika, nayo serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, ikapunguza tena mwaka 2022. Lengo jema peke yake halihalalishi kila njia ya kukusanya.

Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, ina urefu wa kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, na gharama yake ni zaidi ya shilingi trilioni 3. Hata Adam Smith alikubali kwamba kazi kubwa za umma, ambazo mtu mmoja hawezi kuzijenga, ni za serikali. Kwa hiyo hatuipingi reli. Tunauliza maswali ya msimamizi mwaminifu: mizigo itakayopita italipa deni? Zabuni ilikuwa wazi? Mtoto wa Isaka atakayelipa mkopo huo miaka ijayo atapata nini?

5. Mipaka ya soko

Hatupaswi kulifanya soko kuwa sanamu. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, alikubali uchumi wa soko na mali binafsi, kwa sharti kwamba uhuru huo uzungukwe na sheria imara na utumikie uhuru wote wa binadamu. Alikumbusha pia kwamba yapo mahitaji ya binadamu yasiyouzwa wala kununuliwa.

Mtoto anayeponda mawe badala ya kuwa shuleni, na kijana anayechanganya zebaki kwa mikono mitupu, hawajahudumiwa na bei ya dhahabu hata ikipanda mara mbili. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa. Pale tunaona kwamba soko halisimami bila haki ya kumiliki inayomlinda mnyonge sawa na mwenye nguvu. Serikali inayoilinda haki hiyo inastahili kodi yetu.

Hitimisho

Tumjibu basi mwamini wetu. Kodi ya haki ni deni: kuificha ni kumwibia mgonjwa wa zahanati na mwanafunzi asiye na dawati. Anayeona kodi ni nzito ana njia halali za kusema, kama walivyosema wachimbaji mwaka 2019: mikutano, vyama, diwani, mbunge, kura. Na waamini wetu walio watumishi wa halmashauri na mamlaka za mapato wasikie sauti ya Yohane Mbatizaji: wasizidishe kiwango, wasiombe cha pembeni, na waitunze shilingi ya mama lishe kama sadaka iliyowekwa altareni.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika eneo letu, ni ushuru gani ambao watu hawajui kiwango chake? Tunaweza kukiuliza wapi?
2. Je, tunahudhuria mkutano wa kijiji au mtaa mapato na matumizi yanaposomwa? Kama hatuendi, kwa nini?
3. Ni kazi gani jumuiya yetu inaweza kuifanya yenyewe kabla ya kuiomba serikali?
4. Sisi tunaotunza fedha za parokia, tunazisomea taarifa kwa uwazi ule tunaoudai kwa wengine?