Unyevu katika banda la kobe: somo kwa wenye kibali cha kufuga

Ukimkuta kobe akikatiza barabara kule Ganze mwezi wa Februari, jua likiwaka na ardhi imekauka, ni rahisi kudhani kwamba mnyama huyu hana haja kubwa ya maji. Dhana hiyo huwadhuru kobe wanaofugwa. Wengi huwekwa kwenye sakafu ya saruji au boksi lililo wazi, wakapewa sukumawiki na kisahani cha maji, na mwenyewe akaamini kazi imekwisha. Baada ya miezi kadhaa gamba huanza kujikunja, macho huzama, na kobe hukataa kula.

Katika toleo hili tunajifunza jinsi ya kudumisha unyevu unaofaa ndani ya banda la kobe. Vifaa vingi vinavyohitajika vinapatikana papa hapa Kilifi, na vingine havina gharama.

Kwanza, sheria

Kobe ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumweka kobe bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni kosa. Haijalishi kama ulimwokota shambani, ulipewa na jirani au ulimnunua. Kobe bapa, yule anayejibana katika nyufa za mawe sehemu kama Kitui na Tharaka-Nithi, yumo katika hatari kubwa ya kutoweka, na tangu mwaka 2019 biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa kwa kiwango cha juu kabisa.

Kama una kobe bila kibali, usimtupe porini usiku. Anaweza kupeleka ugonjwa kwa kobe wengine, au kuachwa mahali asipoweza kuishi. Wasiliana na ofisi ya KWS iliyo karibu nawe upate maelekezo, na huku ukisubiri mtunze kama ilivyoelezwa hapa. Na ukimkuta kobe barabarani, mvushe upande aliokuwa akielekea kisha umwache. Usimbebe bila sababu, kwani kobe huhifadhi maji katika kibofu, na akishtuka huyamwaga. Wakati wa kiangazi huenda asipate mengine kwa muda mrefu.

Kwa nini kobe wa nyika anahitaji unyevu?

Kobe mwenye madoa, ambaye ndiye anayeonekana zaidi katika nyika zetu, huishi penye ukame, lakini hakai juani siku nzima. Jua linapopanda hujificha chini ya vichaka, ndani ya nyasi nzito, au katika mashimo yaliyoachwa na muhanga na ngiri. Chini huko hewa ni baridi kidogo na ina unyevu mwingi kuliko hewa ya juu. Kwa hiyo, hata pale ambapo mvua haijanyesha kwa miezi, kobe ana mahali pa kupumzika ambapo mwili wake haupotezi maji kwa kasi.

Ukimfungia katika banda, umemwondolea njia hiyo. Hawezi kwenda kutafuta kichaka wala shimo. Ni wajibu wa mfugaji kumtengenezea mahali hapo ndani ya banda.

Ushahidi upo. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna nchini Austria walichapisha matokeo ya kulea vifaranga 50 wa kobe wa Saheli kwa miezi mitano. Waliolelewa kwenye hewa kavu waliota vinundu virefu kwenye gamba, kama vichuguu vidogo, kuliko waliolelewa kwenye hewa yenye unyevu. Kiasi cha protini katika chakula, ambacho wafugaji wengi walikilaumu, kilikuwa na athari ndogo tu. Vinundu hivyo vikishaota haviondoki.

Si kobe wote wanaotoka nyikani. Wakazi wengi wanamkumbuka Mzee, kobe mkubwa wa Haller Park kule Mombasa, aliyeandamana na Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa Malindi mwezi wa Desemba 2004. Mzee ni wa jamii ya kobe wa Aldabra, visiwa vya Ushelisheli vyenye joto na msimu wa mvua nyingi. Kobe wa jamii hiyo huhitaji unyevu zaidi, na hupenda kujigaagaza kwenye tope. Kwa hiyo jua aina ya kobe wako kabla ya kujenga banda.

Kupima unyevu

Unyevu wa hewa hupimwa kwa asilimia. Hewa ya moto inaweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Ndiyo maana bati likipata moto saa saba mchana na maji hayajaongezwa, asilimia ya unyevu hushuka. Taa ya kupasha joto hufanya vivyo hivyo.

Kifaa cha kupimia huitwa haigromita, na wanaoangua vifaranga kwa mashine tayari wanakifahamu. Kiweke karibu na ardhi, usawa wa kobe, mbali na taa na chombo cha maji. Soma asubuhi na alasiri, na uandike kwenye daftari.

Kabla ya kukiamini, kijaribu. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, tia matone machache ya maji hadi iwe kama uji mzito, kisha funga kizibo hicho pamoja na kifaa ndani ya kopo lisilopitisha hewa. Acha usiku kucha. Asubuhi kifaa kinapaswa kuonyesha karibu asilimia 75. Kikionyesha 65, ujue kinasoma chini kwa 10.

Kwa kobe mwenye madoa aliye mkubwa, unyevu wa asilimia 40 hadi 60 unatosha, mradi ana maficho yenye unyevu zaidi. Kobe mchanga anahitaji asilimia 70 hadi 80 mahali anapolala, kwa kuwa gamba lake ndilo linajengeka.

Kutayarisha banda

1. Ondoa saruji. Weka tabaka la udongo wa kichanga uliochanganywa na nyuzi za makumbi, unene wa sentimita 10 au zaidi. Makumbi hushika maji na kuyaachia polepole. Usitumie maranda ya mbao zenye harufu kali au zilizotiwa dawa.

2. Mimina maji pembeni. Badala ya kunyunyizia juu kila saa, mimina maji kwenye pembe za banda yazame chini. Tabaka la chini libaki na unyevu, la juu alipokanyaga kobe libaki kavu. Shika udongo wa chini na uufinye: ushikamane, lakini usitoe maji.

3. Tengeneza maficho. Chungu kilichovunjika kikilazwa ubavu na kufukiwa nusu kinafaa sana. Ndani yake weka makumbi yaliyoloweshwa na kukamuliwa. Kobe atachagua mwenyewe kuingia au kutoka.

4. Weka kivuli. Paa la makuti juu ya sehemu ya banda hupunguza joto na ukavu kuliko bati. Sehemu nyingine ibaki wazi apate jua.

5. Panda nyasi na vichaka visivyo na sumu. Mimea hutoa mvuke, kivuli na chakula kwa pamoja.

6. Acha hewa ipite. Banda lililofungwa kwa nailoni pande zote huota ukungu.

7. Mwogeshe. Mweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yasiyozidi kidevu chake, kwa dakika 15 hadi 20. Kobe mchanga aogeshwe karibu kila siku, mkubwa mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi. Usimwache peke yake. Baadaye nawa mikono kwa sabuni, hasa watoto, kwa sababu kobe hubeba vijidudu vya salmonela hata akiwa mzima.

Baridi na maji havipatani

Kosa la pili ni la anayezidisha. Unyevu unafaa tu ukiandamana na joto. Kobe akilala kwenye udongo uliolowa na usiku una baridi, hupata homa ya mapafu. Mchana banda liwe na sehemu yenye nyuzi joto 28 hadi 32, na usiku lisishuke chini ya 18.

Hapa Kilifi hali hutofautiana. Mkazi wa Malindi au Mtwapa, ambako hata chumvi hugandamana, mara nyingi hana haja ya kuongeza maji mengi. Kazi yake ni kuhakikisha hewa inapita na sakafu haitoti wakati wa masika na upepo wa kusi. Mkazi wa Bamba au sehemu za bara za Magarini atahitaji kulowesha makumbi mara kwa mara, hasa kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma na mvua haijaanza.

Dalili za kuangalia

Macho yaliyozama, ngozi iliyokunjamana na mkojo mweupe mzito kama chaki ni dalili za ukosefu wa maji. Mwogeshe siku hiyo hiyo na uangalie kama anakunywa.

Mapovu puani, kupumua kwa mdomo wazi na sauti ya kukoroma ni dalili za mapafu kuugua. Gamba la chini likilainika au kutoa harufu mbaya, linaoza kwa sababu ya sakafu yenye maji. Katika hali hizi mbili, mhamishie mahali pakavu na penye joto, na umwone daktari wa mifugo bila kuchelewa. Usimpe dawa za kuku wala za mbuzi kwa kukisia.

Maswali ya kujipima

1. Je, kibali chako cha KWS bado kina muda?
2. Kobe wako ni wa aina gani, na asili yake ni nyika au kisiwa?
3. Leo alasiri, haigromita ilisoma asilimia ngapi kwenye maficho?
4. Ukichimba sentimita tano katika banda, udongo una unyevu au ni vumbi?
5. Usiku, kobe wako analala pakavu na penye joto?

Kama swali lolote limekushinda, anza na hilo leo. Kobe anaweza kuishi miaka mingi kuliko anayemfuga, na gamba atakalokuwa nalo miaka hiyo yote hujengwa katika miaka yake michache ya kwanza.