SOMO: KOMPYUTA YA ZAMANI, TUBADILI MFUMO AU TUUACHE?



Wengi wetu siku hizi twaandika hesabu za pishi, ujira wa wachumaji na madeni katika kompyuta. Baadhi ya kompyuta hizo zaendeshwa na mfumo uitwao Windows 10, uliotolewa mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuulinda mfumo huo. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Kwa hiyo wako wasemao, "Yangu yafanya kazi, nibadili kwa nini?" Swali hilo ni la haki, nalo lataka jibu.

Kila mfumo una nyufa, na wezi hawachoki kuzitafuta. Ufa ukionekana, mwenye mfumo hutoa kiraka. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha ufa mmoja. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule kirusi kiitwacho WannaCry kilipita katika ufa huo huo, kikafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Hata hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Kompyuta zilizokwisha kutiwa kiraka hazikuingilika kwa njia ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi tusiulize kama mfumo ni mkongwe, bali kama bado yuko wa kuuziba. Kisha tuangalie haya:

1. Kazi yake. Kompyuta isiyounganishwa na intaneti kamwe, hatari yake ni ndogo. Yaweza kuachwa, ila isitiwe flashi za kila mtu. Ifunguayo benki au barua pepe isiachwe bila viraka.

2. Uwezo wake. Windows 11 yataka kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kifaa cha ulinzi kiitwacho TPM 2.0. Nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliwi. Pima kwanza kwa programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, usije ukanunua mpya bila sababu.

3. Njia nyingine. Iko mifumo ya Linux isiyolipiwa, nayo huenda vizuri katika kompyuta nyingi kuukuu. Jaribu kwanza kama programu yako ya hesabu itafanya kazi humo. Microsoft pia ilitangaza viraka vya ziada hadi 13 Oktoba 2026 kwa wajiandikishao; huo ni muda wa kujitayarisha tu.

Uamuapo lolote, kwanza nakili hesabu zote katika diski nyingine, kisha uifungue nakala uone kama yasomeka. Wala usibadili mfumo katikati ya msimu. Wachumaji wakingoja ujira wao jioni, na hesabu ya pishi zao haionekani, hapana atakayepokea udhuru wa kompyuta. Kazi hii na imalizike kabla karafuu hazijaiva.