Majeshi ya Kigeni Yakitoka, Ni Nani Mlinzi?

Ndugu zetu wasomaji, darasa yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo watu wa pwani hudhani ni la bara, na raia hudhani ni la wakubwa. Nalo ni hili: nchi ikisha kutokwa na majeshi ya kigeni, mapatano yake na majirani yana kazi gani?

Tuanze na mahali. Reli itokayo kwetu Mombasa hupita Nairobi na Gilgil, ikafika Lanet, kisha Nakuru, kisha Rongai (siyo Ongata Rongai iliyo karibu na Nairobi), ndipo ipande Eldoret hata Uganda. Katika njia hiyo ndipo Kenya huru ilipofikwa na mtihani wake wa kwanza wa kijeshi.

Bendera ilipandishwa tarehe 12 Desemba 1963. Hata wiki saba hazijatimia, tarehe 24 Januari 1964, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi katika kambi ya Lanet. Siku nne kabla yake walikuwa wameasi wenzao wa Dar es Salaam, na siku moja kabla yake wale wa Jinja. Wote hao ni watoto wa mama mmoja, jeshi la zamani la keya. Malalamiko yao yalifanana: mishahara midogo, na maofisa wa Kiingereza kubaki juu yao baada ya uhuru. Serikali zote tatu zikamwita Mwingereza. Lanet alikuwa jirani tu, maana askari wake walikuwa Gilgil. Jinja walipelekwa kwa ndege kutoka Kenya. Dar es Salaam walitoka katika manowari.

Huenda mtu akauliza: kuna ubaya gani kumwita awezaye? Jawabu yetu ni kwamba ambaye nyumba yake inaungua hachagui ndoo. Lakini moto ukisha kuzimwa, yampasa ajiulize kwa nini ndoo zote zilikuwa kwa bwana wa zamani. Mwalimu Nyerere alijiuliza. Kwa ombi lake, mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Dar es Salaam Februari 1964, wakakubali askari wa Kiafrika washike mahali pa Waingereza. Wakaja Wanaijeria mwezi wa Aprili, wakalinda huku jeshi jipya likiundwa, na Septemba wakarudi kwao. Walikuja kwa kualikwa, kwa kazi maalumu, wakaondoka.

Kenya ilifuata njia nyingine. Askari wa Kiingereza walitoka mwishoni mwa 1964, lakini kwa mapatano ya mwaka huo huo Mwingereza aliendelea kulifunza jeshi. Ama kwa upande wa majirani, mwaka 1963 Kenya ilikuwa imekwisha kupatana na Ethiopia kulindana, khasa kwa sababu ya madai ya Somalia juu ya ardhi ya kaskazini mashariki. Mapatano yale yaliitia nguvu serikali, wala hayakuzuia vita vya shifta vilivyowaumiza raia wengi. Utulivu ulipatikana Arusha, Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia alipozipatanisha Kenya na Somalia. Basi jirani ana kazi mbili: kukusaidia juu ya adui, na kukupatanisha na huyo umwitaye adui. Na twaona ya pili ndiyo iliyo bora.

Mtihani huu haujaisha. Novemba 2022 askari wa Kenya walikwenda Goma kwa jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Serikali ya Kongo ilitaka wapigane na M23. Wao waliona kazi yao ni kusimamia waasi wajiondoe. Hawakuafikiana. Desemba 2023 Jumuiya ikatoka, na Januari 2025 M23 wakauteka mji wa Goma.

Mafunzo ni matatu. Kwanza, ulinzi huanza kwa insafu nyumbani: jirani hawezi kuponya jeshi ambalo wakubwa wake hawasikii malalamiko. Pili, mapatano yaandikwe kabla ya moto kuwaka, yataje kazi, muda na gharama. Tatu, suluhu itangulie bunduki. Mtoto wa Rongai na mtoto wa Lamu huvaa sare moja. Wakipelekwa pasipo mapatano yaliyo wazi, majeneza hurudi bara na pwani sawasawa. Ndiyo maana jambo hili si la wakubwa peke yao. Ni haki ya raia kuuliza, na ni wajibu wa mjumbe wake bungeni kujibu.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini Wanaijeria waliweza kuondoka pasipo ugomvi?

2. Mapatano na Ethiopia yalifaa nini, na yalishindwa nini?

3. Lau askari wetu wangeitwa kesho na nchi jirani, ni mambo gani tungetaka yaandikwe kwanza?