Kabla ya theluji ya Norwei, panda Mandara



Wiki hii nimekaa na ujumbe wa mdogo wetu mmoja wa Njoro, hapa hapa Moshi. Ni fundi cherehani, ana miaka 23, na kwa miaka miwili amekuwa akidunduliza. Ameona video za wasichana wa rika lake wakiteleza kwenye theluji huko Norwei, milima yote nyeupe, vibanda vya mbao vikifuka moshi, watu wameshika vikombe vya kakao. Anasema akikopa kidogo kwenye kikoba nauli itatimia. Anaomba baraka zangu. Halafu mwishoni kabisa, kama kitu kisicho na uzito, ameandika kwamba mlima wetu, Kilimanjaro, hajawahi kuupanda. Mwisho wake ni Marangu Mtoni, alipokwenda kwenye msiba.

Mdogo wangu, baraka unazo. Mkopo wa kikoba usiuchukue. Na kabla ya yote, panda Mandara.

Sikukatazi Norwei. Wale watu wanapenda mlima kwa dhati, na nakuelewa unapowatamani. Wana sheria tangu mwaka 1957 inayompa mtu yeyote haki ya kutembea kwenye ardhi isiyolimwa, hata kama ina mwenyewe. Chama chao cha watembea milimani kilianzishwa mwaka 1868. Mtoto akishajua kusimama tu anavalishwa mbao za kutelezea. Kwao kupanda mlima siku ya mapumziko si utalii, ni kama sisi tunavyokwenda kumsalimia bibi kijijini. Hilo ndilo ningependa uliige, na kuliiga hakuhitaji viza.

Na kuna kitu huenda hukijui. Vile vibanda vya mbao vyenye paa lililochongoka, vilivyokutoa udenda kwenye simu, viko hapa. Vibanda vya njia ya Marangu vilijengwa kwa msaada wa Norwei. Mandara iko karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, Horombo mita 3,720, na Kibo karibu mita 4,700. Unaweza kulala ndani ya kibanda cha Kinorwei ukiwa na kitambulisho cha NIDA mfukoni. Mgeni wa nje anatozwa dola 70 kwa siku kabla ya kodi kwa ajili ya hifadhi peke yake. Wewe unalipa kwa shilingi, tena sehemu ndogo sana ya hiyo. Inaniuma nikiona wanaopita getini wengi ni wageni, na wenyeji waliomo wamebeba mizigo.

Kuhusu kuteleza nikwambie kweli, asije mtu akakudanganya. Kule kileleni Kibo hakuna mchezo huo. Hakuna lifti, hakuna viwanja, na barafu ya kule juu ni kuta ngumu zilizosimama kwenye mchanga na mawe. Tena inakwisha. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 11.4, kufikia 2011 ilibaki 1.76. Wazee wetu wa Moshi wanaikumbuka Kibo yenye kofia pana kuliko hii unayoiona asubuhi ukifungua dirisha. Ukiwa na hamu ya kuona theluji, basi hii ya kwetu ndiyo yenye haraka. Ya Norwei itakungoja.

Ila usidhani mtu wa Afrika Mashariki hana mahali kwenye mchezo ule. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit aliingia mbio za kuteleza kilomita 10. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, na theluji aliiona kwa mara ya kwanza miaka miwili tu kabla ya hapo, Finlandi. Alimaliza wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi. Mshindi alikuwa Mnorwei, Bjørn Dæhlie, na huyo bwana hakuondoka. Alisimama kwenye mstari, kwenye baridi, akamngoja Boit mpaka alipofika, akamkumbatia. Boit akaja kumpa mtoto wake wa kiume jina la Dæhlie. Kila nikiisimulia habari hii koo linanikaba.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe.

Chagua Januari, Februari, au kati ya Juni na Oktoba. Masika usijaribu, njia inakuwa tope na mlima hutauona. Kutoka stendi ya Moshi panda daladala ya Marangu, shuka Mtoni, chukua bodaboda mpaka getini. Nendeni watatu au wanne ili mgawane gharama ya kiongozi, maana bila kiongozi mwenye kibali huingii. Kiingilio usimpe mtu mkononi. Kinalipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali, na stakabadhi uione kwa macho yako.

Toka getini mpaka Mandara ni kama kilomita 8, saa tatu au nne za kupanda ndani ya msitu. Tembea polepole kiasi cha kuweza kuongea bila kuhema. Ukishindwa kuongea, unakimbia. Tazama juu, utawaona mbega wakiruka na mikia yao myeupe kama usinga. Tazama chini pia, pembeni mwa vijito, kuna ua dogo jekundu na njano lenye mkia uliojikunja kama ndoano. Wataalamu wanaliita Impatiens kilimanjari, na duniani kote halioti kwenye mlima mwingine. Mtu anavuka bahari kuja kulipiga picha, nawe umezaliwa chini yake.

Ukifika Mandara usilale. Kula, kisha tembea kama robo saa mpaka kreta ya Maundi. Pale msitu unakatika, upepo unabadilika, na vilele vya Kibo na Mawenzi vinakaa mbele yako bila nyumba wala nguzo ya umeme katikati. Mimi mara ya kwanza nilikaa kwenye nyasi nikalia, na sikuona haya.

Nguo. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu nilikosea. Nilipanda nimevaa jinzi na fulana ya pamba, mvua ikatukuta katikati ya msitu. Jinzi ikilowa inakuwa nzito kama gunia la chumvi, na pamba inashika maji inakunyonya joto mwilini. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana, na ilikuwa saa nane mchana. Usivae pamba. Nenda soko la Memorial, kwenye marobota ya majaketi.

Wewe ni fundi, kwa hiyo utafurahi. Tafuta jaketi zito lenye kijifuko kidogo cha zipu kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiganja. Kijifuko kile si cha urembo. Ndipo watu wanaoteleza kwenye theluji wanapoweka kadi ya kupandia lifti; mtu anasogeza mkono, geti linafunguka. Halafu ligeuze ndani. Utakuta kiunoni kitambaa kama sketi fupi yenye lastiki na vifungo. Mafundi wengi wanaikata wakidhani ni bitana iliyozidi. Usiikate! Inazuia theluji kuingia mgongoni, na kwetu inazuia upepo wa Horombo vilevile. Jaketi langu lilikuja na kijikamba chembamba kwenye zipu na kipande cha tiketi kilichofifia, namba tu zinasomeka. Lilishateleza mlimani kwa watu kabla ya kufika Moshi kwa robota.

Na nikuongezee la biashara. Wagumu wetu, vijana wanaobeba mizigo mlimani, wanavaa majaketi hayo hayo, na zipu ndizo zinazokufa kwanza. Fundi anayejua kubadili zipu nene ya jaketi, akaziba na mishono isipitishe maji, hatakosa kazi msimu wa wageni. Nauli ya Norwei inaweza kutoka hapo, polepole, bila deni.

Ukishaipenda Mandara na ukataka kilele, mita 5,895, chukua siku sita, si tano. Siku ya ziada unakaa Horombo, unapanda mpaka Mawe ya Pundamilia kisha unarudi kulala chini, mwili uzoee. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida, mwambie kiongozi. Lakini mtu akianza kupepesuka kama mlevi, au kuongea maneno yasiyoeleweka, haambiwi apumzike. Anashushwa hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Kilele hakina thamani ya roho ya mtu. Na mzigo wa mpagazi mwisho ni kilo 20. Ukiona kijana anapandishiwa zaidi, sema. Ni ndugu yako yule.

Najua nyumbani watakuuliza msichana anatafuta nini mlimani. Waambie Rawan Dakik, binti wa Kitanzania, alifika kilele cha Everest mwaka 2021 akiwa na miaka 20. Na waambie jambo jingine, la zamani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kibo na kumuuliza mtu aliyemwongoza ni nini, alijibiwa neno moja: baridi. Wasomi wa Ulaya waliposikia kuna theluji karibu na ikweta walikataa, wakabishana miaka. Watu wa hapa walikuwa wanajua kwa ngozi zao. Mimi sitaki binti wa Njoro aijue baridi ya Kibo kupitia simu, wakati ya kwake iko umbali wa daladala moja na bodaboda.

Fedha zako zibaki benki. Ukiwa tayari kwa Norwei, niandikie tena, tutakaa tupige hesabu ya viza, tikiti na malazi pamoja, maana ada ya viza hairudishwi hata ukikataliwa. Kwa sasa tafuta wenzako watatu, nunueni majaketi, na mwondoke Moshi alfajiri, kwa sababu ikifika saa nne mlima huwa umeshajifunika.