Kitabu Kipya cha Ajabu Kikitoka, Mimi Hufanya Hivi

The House of Rust kilinifikia kwa basi. Binamu yangu alikinunua Mombasa, akakizungushia kanga kisikunjike, akavuka nacho Horohoro pamoja na mzigo wake wa biashara, na jioni hiyohiyo kilikuwa mkononi mwangu hapa Tanga. Nilikuwa nakisubiri tangu 2018, mswada wake uliposhinda tuzo ya riwaya za Kiafrika ya Graywolf Press ya Marekani. Mwandishi wake, Khadija Abdalla Bajaber, ni wa Mombasa. Kitabu kilitoka 2021, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Ursula K. Le Guin, iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza.

Ni habari ya Aisha, binti anayeingia baharini kwa chombo cha mifupa kumtafuta baba yake mvuvi, akifuatana na paka anayesema. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na bibi yangu hajui Kiingereza. Basi baada ya Isha tulikaa barazani, nikawa nasoma aya kimoyomoyo halafu naisimulia kwa Kiswahili. Usiku wa kwanza tulikuwa watu watatu. Usiku wa tatu tulikuwa tisa, na muuza kahawa alitua birika lake palepale, hakuendelea na mzunguko wake. Bibi alisikiliza habari za majitu ya baharini bila kustuka. Alichotaka kujua ni kama yule baba alikuwa akivua kwa nyavu au kwa mshipi.

Tangu hapo, kila kitabu kipya cha fantasia kinachonifikia nakifanyia hivyo, na watu wengi wameniuliza utaratibu wangu ukoje. Wengine huuliza swali la pili: wao wameandika hadithi za ajabu, wazipeleke wapi? Kwangu mimi hayo ni maswali ya familia moja, kwa sababu milango yote niliyowahi kuibisha niliijua kwa kusoma vitabu vya wenzangu.

Nianze na sherehe. Kitabu husherehekewa kwa kusomwa. Nimehudhuria uzinduzi wenye maua, keki na mgeni rasmi aliyehutubia saa nzima, na tukaondoka bila kusikia hata ukurasa mmoja. Ukialikwa kuandaa uzinduzi, dai dakika 20 za mwandishi kusoma, na uzidai kabla ya ratiba kupigwa chapa. Kama huna ukumbi, baraza linatosha, na kahawa na kashata za watu kumi hazimfilisi mtu. Chagua sehemu yenye mazungumzo mengi, wape wasikilizaji sauti za wahusika, kisha nyamaza pale ambapo jini ndiyo kwanza anabisha hodi. Watakutafuta kesho yake.

Napenda pia kuweka kitabu cha zamani kando ya kipya. Kuna vijana wanaodhani fantasia ni kitu cha Wazungu chenye mazimwi yatemayo moto na majumba ya mawe. Waonyeshe Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha 1952, ambamo ndugu wawili wanageuzwa manyani kwa hila yao. Waonyeshe Nagona cha Euphrase Kezilahabi cha 1990 na Mzingile kilichofuata 1991, vitabu vinavyokutembeza njia ambazo hujui kama ni ndoto au ni kiyama. Kuna Walenisi ya Katama Mkangi ya 1995, safari ya kwenda ulimwengu mwingine ambao jina lake lenyewe limefumbata siri yake: wale ni sisi. Kuna Bina-Adamu! cha Kyallo Wadi Wamitila cha 2002. Na kabla ya hao wote kulikuwa na nunda mla watu, ambaye Edward Steere alichapa ngano yake 1870 ingawa mabibi zetu walikuwa wakiisimulia kabla yake. Mwaka 2023 Two Lines Press ya Marekani ilitoa No Edges, mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili katika tafsiri ya Kiingereza, na Kezilahabi na Mkangi wamo pamoja na waandishi wa leo. Nilipokipata niliita watu barazani kama ningeita kwa arusi, maana kitabu kilichoandikwa hapa kikatoka upya kule nacho ni kipya.

Siku nzuri ya jambo kama hili ni Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Shule nyingi siku hiyo hutafuta cha kufanya. Nenda na kitabu chako, umwombe mwalimu wa Kiswahili kipindi kimoja. Kisha pita maktaba ya mkoa uulize kama wanacho. Wasipokuwa nacho, waombe kwa maandishi wakiagize. Ombi la msomaji lina uzito kuliko ombi la mwandishi mwenyewe.

Kuna jambo moja linaloniumiza. Kitabu kinatoka Jumatatu, Alhamisi nakala yake ya PDF inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na wanaoituma wanaandika chini yake maneno ya kumpongeza mwandishi. Huko si kumpongeza. Mchapishaji hutazama mauzo ya miezi ya mwanzo ndipo aamue kama atachukua riwaya nyingine ya namna hiyo, na riwaya za majini na walimwengu wa kubuni tayari anaziogopa, kwa sababu hana uhakika kama shule zitazinunua. Nunueni. Kama bei ni kubwa, changeni watu watano mnunue nakala moja mpokezane.

Sasa milango. Ukishamaliza kitabu kipya, rudi mwanzo ufungue ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina ambao watu huuruka. Soma jina la mchapishaji, soma kama pametajwa tuzo, angalia kama baadhi ya sura ziliwahi kutoka katika jarida fulani. Geukia shukrani: waandishi huwataja wahariri na mashindano yaliyowainua. Nina daftari la mistari ambamo nimekuwa nikinakili majina hayo kwa miaka, na karibu kila mahali nilipowahi kupeleka kazi palitoka humo.

Mashindano ndiyo yamekuwa mlango mkuu wa Kiswahili tangu zamani. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58 kabla ya kuchapwa 1960. Leo mwenye mswada mrefu ana Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, ambayo sasa inabeba jina la Safal. Raia wa Tanzania ana Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilitolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu, na mshindi wa kwanza alipata shilingi milioni 10 na kazi yake kuchapwa. Waandishi wa mambo ya ajabu hujinyima tuzo hii wakidhani inataka riwaya za maadili tu. Adili na Nduguze ina maadili na ina majini. Pelekeni.

Wa hadithi fupi, mlango ninaoupenda kuliko yote ni Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Inapokea hadithi kwa Kiswahili chenyewe, huhitaji kuitafsiri. Urefu ni maneno 2,000 hadi 5,000, kuingia ni bure, na kwa kawaida dirisha hufunguliwa Septemba na kufungwa mapema Novemba. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wote wanaruhusiwa, almradi ametimiza miaka 18 na hadithi haijawahi kuchapishwa. Kijana wa miaka 18 hadi 35 aweke pia macho kwenye Tuzo ya Nyabola, iliyoanzishwa na mwandishi Mkenya Nanjala Nyabola mahususi kwa hadithi za kisayansi na za ajabu kwa Kiswahili. Nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi kama niliyepata barua ya nyumbani. Fuatilia tangazo lenyewe kabla hujatuma, usitegemee la mwaka jana.

Majarida nayo yapo. Samovar, tawi la Strange Horizons lililoanza 2017, huchapisha hadithi za ajabu zilizotafsiriwa na huweka maandishi ya lugha ya asili pamoja na Kiingereza chake. Fikiria hilo: Kiswahili chako kisomwe kama kilivyo, na mgeni asome tafsiri. Utahitaji mfasiri, basi mtafute mapema na mwandikiane mtagawanaje malipo. Anayeandika kwa Kiingereza ana Omenana, iliyoanzishwa 2014 na Mazi Nwonwu na Chinelo Onwualu kwa ajili ya fantasia ya Kiafrika. Ana pia Clarkesworld, inayolipa zaidi ya senti 10 za Dola kwa kila neno. Februari 2023 Clarkesworld ilifunga mlango kwa muda baada ya kufurikiwa na hadithi zilizoandikwa na programu za kompyuta. Andika mwenyewe, wahariri wa pale wana macho.

Neno "haijawahi kuchapishwa" lilinigharimu. Hadithi yangu ya chunusi wa mto Pangani niliiweka kwenye kundi la Facebook kwa vipande saba, kila kipande kikiishia na "itaendelea", kama tufanyavyo wengi wa simulizi. Watu waliipenda. Baadaye nikataka kuiingiza kwenye shindano, na kanuni zikasema wazi kwamba kilichowekwa mtandaoni kimeshachapishwa. Ndiyo hadithi bora niliyokuwa nayo mwaka ule. Siku hizi ninazo za kundi na ninazo za kutuma, na sichanganyi.

Mara nyingine mchapishaji mmoja alikaa na mswada wangu miezi 14, kisha akanipigia kuniambia umekubaliwa, nilete fedha za kuuchapa. Nilikataa. Mchapishaji anayekutaka humlipa mwandishi. Anayetaka ulipe ni mpiga chapa, na mpiga chapa unaweza kumtafuta mwenyewe kwa bei unayoijua. Ukipewa mkataba, soma haki za tafsiri na za filamu zinakwenda kwa nani, na usome ni baada ya muda gani kitabu kikiisha dukani haki zinarudi kwako. Kama hakuna kifungu hicho, kiombe.

Na unapotuma, fuata maelekezo yao kwa urefu, kwa aina ya faili, kwa jina kuwekwa au kutowekwa. Barua ya kusindikiza iwe ya sentensi nne, usiwasimulie hadithi waliyo nayo tayari. Andika kwenye daftari tarehe, mahali, na jibu. Hadithi ikirudi, isome tena kwa sauti, rekebisha panapokwaza ulimi, iende kwingine ndani ya wiki. Ya kisima kilichokauka, ambayo niliandika baada ya yule chunusi, imerudi mara tatu na sasa iko nje kwa mara ya nne.

Ijumaa hii baada ya Isha tunafungua kitabu kingine barazani. Kahawa ipo, njoo na kikombe chako, na kama una hadithi yako mfukoni njoo nayo, tutaisikiliza kabla hujaituma.