Kupanda Drachenfels na Watoto: Mwongozo kwa Familia

Jina la Bonn limezoeleka masikioni mwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki kwa sababu ya Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Mwendo mfupi wa tramu kutoka mjini hapo, ng'ambo ya mto Rhine, kuna mji mdogo wa Königswinter, na juu yake mlima wa Drachenfels wenye gofu la ngome kileleni. Urefu wake ni mita 321. Kwa aliyekulia Usambara au Uluguru hicho ni kilima tu, na ndiyo maana kinafaa: mtoto wa miaka sita anayetembea vizuri atafika juu kwa miguu yake, na bibi aliyekuja kutembelea wajukuu atapanda treni.

Kijitabu hiki ni cha wazazi wanaoishi Ujerumani na wageni wao.

Ngome iliyoliwa na machimbo yake

Ujenzi ulianza mwaka 1138 kwa amri ya Arnold wa Kwanza, Askofu Mkuu wa Köln, aliyetaka kulinda mipaka ya kusini ya eneo lake. Wenye ngome wakapata utajiri kutoka mahali pasipotarajiwa: mwamba uliokuwa chini ya miguu yao. Ni jiwe la volkano liitwalo trakiti. Warumi walikuwa wamelichimba karne nyingi kabla, na lilikuwa rahisi kusafirisha, kwani mto uko chini ya mlima na maji yanaelekea Köln. Kanisa kuu la Köln, lililoanza kujengwa mwaka 1248, lilipokea shehena baada ya shehena za mawe kutoka hapa.

Ngome yenyewe iliharibiwa mwaka 1634, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, tena kwa amri ya Askofu Mkuu mwingine wa Köln, na haikujengwa upya. Uchimbaji, hata hivyo, uliendelea. Kila jiwe lililotolewa ubavuni lilidhoofisha kilele, na sehemu za ngome zikaporomoka. Mwaka 1836 serikali ya Prussia ilinunua kilele ili kuzuia uchimbaji usirudi tena. Hilo ni tukio la mapema sana katika historia ya uhifadhi barani Ulaya, na kwa maoni yetu linastahili kuelezwa watoto kabla ya hadithi ya joka. Hadithi ya joka wataipata tu: Siegfried, shujaa wa masimulizi ya Kijerumani, inasemekana alimuua joka mlimani hapa na kuoga damu yake.

Mkifika kwenye mnara, simameni karibu na ukuta mtazame jiwe lenyewe. Ndani ya rangi ya kijivu kuna vipande vyeupe, bapa, vinavyometameta vikipigwa na jua. Vingine vina urefu wa kidole cha mtoto. Ni fuwele za madini ya sanidini, zilizokua taratibu ndani ya lava kabla haijaganda. Siku nyingine mkienda Köln, mwacheni mtoto azitafute kwenye kuta za kanisa kuu. Atazipata.

Njia za kupanda

Tramu namba 66 kutoka Bonn inafika Königswinter. Hapo fuateni vibao vya Eselsweg, yaani njia ya punda. Imetengenezwa vizuri, lakini ni mwinuko tangu mwanzo, na familia yenye watoto ijipe saa moja na ziada. Kigari cha mtoto kinapita, ila atakayekisukuma atajuta, afadhali mbeleko.

Treni inapanda tangu mwaka 1883. Gurudumu lake lina meno yanayoshika reli ya katikati, kwa hiyo haitelezi hata penye mteremko mkali. Familia nyingi hupanda kwa treni na kushuka kwa miguu, wakidhani kushuka ni rahisi. Kwa mapafu, ndiyo. Kwa magoti ya wazee na kwa watoto wanaopenda kukimbia mteremkoni, kupanda kwa miguu na kushuka kwa treni ni salama zaidi.

Katikati ya njia kuna jumba lenye minara na madirisha ya rangi, Drachenburg. Watoto watashangilia wakidhani wamefika. Jumba hilo lilijengwa kati ya 1882 na 1884 kwa ajili ya tajiri mmoja wa benki, na halijapigana vita vyovyote. Ni zuri, lakini gofu liko juu zaidi.

Vaeni viatu vyenye soli ya kushika. Majani yaliyoanguka mwezi Oktoba, yakilowa, huteleza kama kamasi ya bamia. Desemba jua huzama mnamo saa kumi na nusu jioni, hivyo anzeni safari asubuhi.

Chakula chukueni chochote: chapati, maandazi, sambusa. Jiko la mkaa libaki nyumbani. Sheria ya jimbo hili inakataza kuwasha moto msituni na ndani ya mita 100 kutoka msitu, na kuanzia Machi hadi Oktoba hata sigara hairuhusiwi.

Kileleni

Chini kidogo ya gofu kuna uwanja mpana wenye mgahawa. Hapo mtoto anaweza kukimbia. Kutoka hapo kwenda juu, ashikwe mkono.

Tunasisitiza kwa sababu mbili. Ya kwanza inaonekana: ubavu wa mlima unashuka wima, na wazazi wengi huwa wanatazama simu zao wakitafuta picha ya mto na visiwa vyake. Ya pili haionekani. Kuta za Gede hupasuliwa na mizizi ya miti, na Kilwa Kisiwani mawimbi yanakula ufuko. Huku adui ni barafu. Maji ya mvua huingia kwenye nyufa, yakiganda yanatanuka na kusukuma mawe, kisha yanayeyuka na kuacha nafasi ya maji mengine. Jiwe lililokaa imara mwezi Septemba linaweza kuwa limelegea mwezi Machi, wala huwezi kulijua kwa macho. Hivyo hakuna kupanda ukutani, hata kwa picha moja. Hakuna pia kuchukua kipande cha jiwe cha ukumbusho. Mlima uko ndani ya hifadhi, na umeshachukuliwa vya kutosha.

Mkikuta njia imefungwa kwa utepe au kibao, msiupite hata kama wengine wanapita. Baadhi ya njia hufungwa kwa sababu ya hatari ya mawe kuporomoka.

Dharura ikitokea, pigeni 112. Simu hiyo ni bure. Katika misitu mingi ya Ujerumani kuna vibao vya kijani vyenye msalaba mweupe na namba. Msomee anayepokea simu namba hiyo, na waokoaji watajua mlipo hata kama hujui kutaja jina la njia.

Mkirudi nyumbani

Kabla ya kuoga, kagueni miili ya watoto: nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Kupe wa misitu hii ni wadogo, wengine kama mbegu ya ufuta, na wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo papaseni kwa vidole pia.

Kupe akionekana, mkamateni kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvuteni polepole bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Andikeni tarehe. Katika wiki zinazofuata, doa linalotanuka au homa isiyoeleweka ikijitokeza, nendeni kwa daktari na mtaje kupe na tarehe hiyo. Ugonjwa huu unatibika kwa antibiotiki, hasa ukiwahiwa.